Wakuu naandika kitabu cha mapishi ya mtu asiye na jiko, nisaidieni sura zilizobaki

KijikoKimoja:

Wakuu habari zenu. Iko hivi, mdogo wangu anaenda kuanza kukaa peke yake, chumba kimoja, na nilipomuuliza utakuwa unakula nini akanijibu "nitajua hukohuko". Sasa mi namjua huyu, ni mtu aliyewahi kuniuliza kama maji yanaweza kuchemka sufuria ikiwa haina mfuniko. Nikaona isiwe tabu, nimtengenezee kitabu cha mapishi, cha kuandika kwa mkono kabisa kwenye daftari, lakini sio vile vya "chukua nyama kilo moja ukate vipande vya wastani", maana huyu hana kisu cha maana, hana jiko, ana birika la umeme, pasi, chupa ya chai na bakuli moja, basi. Nataka kila pishi litokane na kitu ambacho kweli anacho.

Mpaka sasa nina sura tatu. Ya kwanza ya birika (mayai). Ya pili ya chupa ya chai, uji wa oti unaojipika wenyewe usiku: unaisuuza chupa na maji ya moto kwanza ili ipate joto, unamwaga, unatia oti na chumvi kidogo, unajaza maji yanayochemka, unafunga, unalala, asubuhi unakuta kazi imeisha. Hii nimeijaribu mara nyingi haijawahi kuniangusha. Ya tatu ni ya pasi, mkate na chizi ndani ya foili, hii bado ni nadharia.

Naomba vitu viwili. Njia za mkato ambazo WEWE umezifanya kwa mkono wako zikakubali, sio za kwenye video za nusu dakika. Na sura za kichizi, kwa sababu nataka acheke, akicheka atalifungua tena, akilifungua tena labda atapika.

BirikaMarehemu:

Kabla hujaendelea na hiyo sura ya kwanza soma hapa mkuu, nakuomba.

Mi nimepika mayai kwenye birika karibu mwaka mzima najiona fundi. Unaweka mayai mawili, maji yanayafunika, unawasha, likichemka linajizima, hufungui mfuniko, unaacha dakika kumi na mbili, limeiva. Wala sio uchawi, ute wa yai unaanza kuganda kwenye nyuzijoto 62 hivi na kiini kinafuata kuanzia 65, sasa maji yaliyotoka kuchemka yakiwa yamefungiwa humo yanakaa juu ya hapo muda mrefu tu, huna haja ya kuendelea kuyachemsha.

Siku moja yai moja likapasuka. Moja tu. Ute ukaenda kujipaka kule chini, mi sijaona, nimekula mayai yangu nimeondoka zangu. Jioni nachemsha maji ya chai, aisee, povu likaanza kutoka kwenye mdomo wa birika kama limekula sabuni, na harufu ya nywele zilizoungua nyumba nzima. Nikasugua, nikaweka ndimu, nikachemsha maji na siki mara tatu. Wapi. Wiki mbili chai ina ladha ya yai hata uweke tangawizi kiasi gani, wageni wakaanza kukataa kwa adabu, "hapana asante, tumetoka kunywa". Hilo ndo jina langu hapa limetokea huko.

Kwa hiyo andika hivi: mayai HAYAINGII kwenye birika. Yaoshe, yaweke kwenye bakuli, mwagia maji yanayochemka yafunike vizuri, funika na sahani, baada ya dakika tano mwaga, rudia na maji mengine yanayochemka, subiri tena kama dakika nane. Kiini kikiwa bado laini ongeza raundi ya tatu. Birika linabaki bikira.

Mama Sufuria:

Wanangu mimi nasoma huku natikisa kichwa. Pasi ni ya nguo. Chakula kinataka moto na kinataka mtu asimame pale akiangalie, haya mengine mnadanganyana.

Lakini kwa kuwa umeuliza kuhusu njia ya mkato nitakupa ya kwangu na usiseme ni ya kizamani. Blanketi. Sufuria ikishachemka vizuri dakika kumi au kumi na tano, mfuniko umekaza, unaitoa motoni hivyohivyo bila kuchungulia, unaizungushia taulo nene halafu blanketi, unaiweka kwenye sanduku au kona isiyo na upepo, unaenda zako. Viazi, mchele, nyama iliyokatwa ndogondogo, vinaendelea kuiva vyenyewe. Nyama unaipa saa tatu nne na ukifungua unaichemsha tena kabla ya kula. Gesi inabaki, na mimi nimekwenda kwenye shughuli zangu nimerudi. Siri ni sufuria ijae, ukiweka kidogo kwenye sufuria kubwa joto linakimbia.

Huyo mdogo wako mtafutie japo kajiko kamoja bwana. Na maharage asithubutu kupika kwa mtindo wa blanketi wala wa chupa, nilishaona watu wazima wanatapika kwa zamu.

Saa_Nane_Usiku:

Mama Sufuria umesema pasi ni ya nguo halafu ukatuletea blanketi jikoni hahahaha. Shikamoo mama.

KemiaYaJikoni:

Naongezea alipoishia mama maana pale kwenye maharage hakutania na wengine wanaweza kupita haraka.

Maharage, hasa yale mekundu, yakiwa mabichi yana sumu ya asili, lektini, na punje nne tano tu ambazo hazijaiva zinatosha kumlaza mtu. Dawa yake ni kuyaloweka saa tano au zaidi, kumwaga yale maji, halafu yachemke kwelikweli, yale ya kububujika, dakika 10 kwa uchache na ukitaka kulala kwa amani 30. Baya zaidi ni kuyapika kwa joto la chini, kama nyuzi 75 au 80 hivi, hapo sumu badala ya kupungua inaweza kuongezeka. Sasa angalia, blanketi na chupa ya chai vinakupa joto hilohilo. Ya kopo hayana shida, yameshapikwa kiwandani.

Cha pili wali. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi hata wali ukiiva, wali ukikaa mezani umevuguvugu masaa vinaamka na vinatoa sumu ambayo hata ukipasha tena haitoki. Kwa hiyo chakula cha kwenye blanketi kiliwe kikiwa bado kinaunguza, kama umefungua na hakikuunguzi ulimi basi ulichelewa. Na akipata maikrowevu siku moja asiweke yai na ganda lake humo, linalipuka, wakati mwingine linasubiri uling'ate ndo lilipuke.

Samahani nimeharibu sherehe, endeleeni.

Saa_Nane_Usiku:

Haya tuingie kwenye sura za kichizi. Mi nina malalamiko na vitabu vya mapishi vyote nilivyowahi kushika: vinaanza na viungo. Hakuna hata kimoja kinachoanza na "umeshaunguza". Mtu wa kawaida hafungui kitabu wakati ana furaha na nyanya mbichi mezani, anakifungua moshi ukiwa umeshatanda. Kwa hiyo kitabu chako kianzie katikati. Kila ukurasa kichwa chake ni janga.

"Wali umeshika chini": usikoroge, narudia, USIKOROGE, hamisha wa juu kwenye chombo kingine na usikwangue, ule wa chini mwagia maji uushughulikie kesho. "Chumvi imezidi": watu watakwambia utie kiazi kinyonye chumvi, kiazi kinanyonya maji yenye chumvi, kile kinachobaki kwenye sufuria kina chumvi ileile, dawa ni kuongeza maji au kuongeza kila kitu kingine, ndo hivyo utakula siku tatu. "Pilipili imezidi": ule ukali hauyeyuki kwenye maji, kunywa maji ni kuusambaza tu mdomoni, weka maziwa au kitu cha mafuta. "Nimesahau nilichokuwa napika": hiyo sura iwe na ukurasa mtupu.

Halafu mwisho wa kitabu badala ya faharasa ya viungo weka faharasa ya visingizio. Herufi A, "Ah, ndivyo kinavyotakiwa kuwa". Herufi M, "Mimi huwa napenda kilichokauka". Herufi N, "Ni mapishi ya kisasa".

VyomboSioshi:

Ya kwangu fupi. Kipange kwa idadi ya vyombo vya kuosha. Sura ya Sifuri: unakula ndani ya kopo umesimama. Sura ya Moja: kijiko. Sura ya Mbili: kijiko na kikombe, hapo ndo inaingia keki ya kikombe kama ana maikrowevu, unga vijiko vinne, sukari viwili, maziwa vitatu, mafuta kimoja na nusu, bekingi pauda robo kijiko cha chai, koroga na kijiko hichohicho humohumo, sekunde tisini, na iliwe palepale maana ikipoa inakuwa raba. Sura ya Tano kwenda juu: "waite watu uwasingizie wao".

Mimi nimeishi kwenye Sura ya Sifuri na Moja miaka mitatu na nina afya.

NaniKalipikaHili:

Yaani nyie mnadhani mnatania. Mwaka 1989 Wamarekani wawili walichapisha kitabu kizima cha kupika juu ya injini ya gari. Unafunga chakula kwenye foili tabaka kadhaa, unakibana sehemu yenye joto mbali na vitu vinavyozunguka, unaendesha, na muda wa kupika umeandikwa kwa umbali wa safari. Nilipoisikia mara ya kwanza nikasema huu ndo uandishi, mtu anauliza "kimeiva?" unamjibu "bado maili ishirini".

Na mwingine wa kale zaidi, Marinetti, Mwitaliano mmoja mshairi, mwaka 1930 alitangaza vita na tambi, eti zinawafanya watu wawe wazito na wavivu, yaani Mwitaliano huyo anasema hivyo, halafu mwaka 1932 akatoa kitabu cha mapishi. Kuna pishi humo mkono wa kulia unakula zeituni na matunda, wa kushoto unapapasa msasa, hariri na mahameli, mhudumu anakupulizia manukato shingoni, na kelele za injini ya ndege zinapigwa. Hakuna njaa inayotibiwa pale. Ila mkuu hebu fikiria sura moja ya daftari la mdogo wako imeandikwa hivyo, tambi za pakiti huku mkono wa kushoto unapapasa blanketi la Mama Sufuria.

Mgumu_Kidogo:

Sielewi faida ya kitabu cha mapishi ambacho hakipikiki. Ni karatasi imeharibiwa. Mpe namba ya mama yenu apige aulize, imeisha.

KemiaYaJikoni:

Mgumu, kuna wanawake waliofungwa na Wanazi kwenye kambi ya Terezín, wakati wa vita ya pili, wana njaa ya kufa, na walikaa wakaandika mapishi. Keki, nyama za kujazwa, vitu vya sikukuu. Kwa kukumbuka tu. Mengine yamekosa kiungo au hatua, kwa sababu aliyekuwa anaandika alikuwa dhaifu au amesahau. Yule aliyeyatunza alifia humohumo kambini, na yale makaratasi yalipita mikono ya watu miaka mingi mpaka yakamfikia binti yake. Hayakupikika pale hata moja. Siwezi kuita karatasi iliyoharibiwa.

Mgumu_Kidogo:

Sawa. Hiyo sikuijua. Naondoa neno.

Saa_Nane_Usiku:

KemiaYaJikoni wewe ukija kwenye sherehe watu wote tunakaa chini.

MakomboHapana:

Narudisha mada. Sura ya "mapishi ya kula juu ya kompyuta". Sharti moja tu, kisidondoshe makombo. Kigezo nimekitoa angani kabisa: mwaka 1965 mwanaanga John Young aliingiza sandwichi kwa siri kwenye chombo cha Gemini 3, akaitoa mfukoni akampa mwenzake Gus Grissom aonje, makombo yakaanza kuelea humo ndani ikabidi Grissom aifiche mfukoni haraka, na kule makombo yanaweza kuingia kwenye mitambo. Waliporudi duniani wabunge wakakasirika kwa ajili ya sandwichi. Kwa hiyo ndizi ndio, yai la kuchemsha ndio (limenywe kwingine), mkate wa kuchoma hapana, biskuti kamwe. Kibodi yangu ukiigeuza inatoka kifungua kinywa cha watu wawili.

KijikoKimoja:

Wakuu nimerudi, na nimejaribu pasi.

Jaribio la kwanza niliiweka vidoti vitatu, vile vya pamba, maana nilikuwa na njaa. Vidoti vitatu ni kama nyuzi 200. Baada ya dakika moja na nusu nikafungua foili, nje mkaa, ndani chizi iko vilevile imekaa kama ilivyotoka kwenye friji, inanitazama. Jaribio la pili vidoti viwili, kama 150, ambapo mkate unapata rangi bila kuungua maana rangi inaanza kuja kwenye 140 hivi, dakika tatu kila upande, na HAPO sasa. Rangi ya asali, kingo zimekauka, chizi inavutika mpaka kidevuni. Nimekula nimesimama mwili mzima.

Hasara ni moja, foili nilikuwa nimeikunjia pembeni, siagi ikatafuta njia, na leo asubuhi nimepiga pasi shati la kazini bila kufikiria. Mfuko wa kifuani una alama ya pembetatu inayong'aa. Mwenzangu ofisini ameniuliza nimekula wapi, harufu nzuri.

Rasimu ya ukurasa wa kwanza hii hapa, nikosoeni:

*MKATE WA PASI. Walaji: wewe. Vyombo vya kuosha: sifuri. Makombo: mengi, usikaribie kompyuta. Kisingizio kikiharibika: angalia herufi N.*

*Chukua slesi mbili. Siagi paka NJE, chizi ndani, ikatwe nyembamba maana pasi haina subira na vitu vinene. Funga kwa foili tabaka mbili na mikunjo yote iwe juu, ukiikunjia pembeni utanuka mkate kazini, muulize kaka yako. Pasi iwe kavu, mvuke umezimwa, vidoti viwili. Usifanyie kitandani. Fanyia juu ya ubao, kama huna ubao basi sakafu ya saruji. Laza pasi juu bila kukandamiza, hesabu pole pole mpaka mia na themanini. Mwanzo kutakuwa kimya, karibu na mia utasikia mchirizo mdogo, hiyo ni siagi, usiogope. Geuza mkate, sio pasi. Hesabu tena. Weka pasi pembeni, fungua foili ukiwa umeelekeza uso kwingine maana mvuke unatoka mara moja. Kula umesimama dirishani.*

VyomboSioshi:

"Geuza mkate, sio pasi" nimecheka peke yangu kwenye foleni.

BirikaMarehemu:

Safi sana, na pasi ikishaanza kunuka siagi ajue ndo imeshakuwa jiko rasmi, anunue nyingine ya nguo.

Mama Sufuria:

Mwanangu nimesoma ule ukurasa mara mbili nikitafuta mahali ulipoandika achomoe pasi kwenye umeme. Sijapaona. Wewe mwenyewe ulichomoa?

KijikoKimoja:

Mama ngoja narudi